Umewahi Kumwomba Akuonyeshe?



Wiki chache zilizopita mama mmoja wa usharika wetu aliniita pembeni baada ya ibada ya pili. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. "Baba Mchungaji," akasema, "mwanangu amepotea." Nilishtuka, maana binti yake nilikuwa nimemwona asubuhi ile ile akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana. Nikamuuliza amepotelea wapi. Akajibu, "Kwenye simu."

Binti yuko kidato cha tatu. Tangu likizo ianze alikuwa anakesha akichora kwa kidole juu ya kioo cha simu. Anachora watu wenye masikio ya wanyama, wanawake wenye mapanga, wapanda farasi wasio na nchi inayojulikana. Akimaliza anawatumia watu mtandaoni, watu ambao mama yake hajawahi kusikia hata majina yao. Bando linaisha, usingizi unaisha, na matokeo ya muhula yalikuwa yameteremka. Mama akachukua simu, akaifungia kabatini, ufunguo akauweka shingoni pamoja na mkufu wake. Leo ilikuwa siku ya tatu binti analia na chakula anakichokonoa tu. Mama alitaka maombi. Alikuwa amesikia kwamba kuna roho zinazoingia kwa njia ya katuni za Kijapani.

Nikamwambia tutaomba. Lakini nikamuuliza, "Analia nini hasa?" Hakujua. "Anachora nini hasa?" "Mapicha, Baba." "Umeyaona?" Akanitazama kama vile nimemuuliza kama amewahi kuonja sigara.

Nilimtuma nyumbani akafanye jambo moja kabla ya maombi. Nitakuambia ni lipi, ila kwanza twende Yafa.

Matendo ya Mitume sura ya 9, kuanzia mstari wa 36, inatusimulia habari za mwanafunzi mmoja mwanamke aitwaye Tabitha, kwa Kiyunani Dorkasi. Luka mwenyewe anatueleza kwamba jina hilo maana yake ni paa. Mama huyu aliugua akafa. Wakamwosha, wakamlaza katika chumba cha juu, kisha wakatuma watu wawili kumwita Petro aliyekuwa Lida, mji wa jirani. Petro alipofika, hakuna aliyesimama kumsomea historia fupi ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Wajane walimzunguka huku wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizishona alipokuwa pamoja nao.

Hebu simama hapo kidogo. Petro ni mtu aliyetembea na Yesu. Kwa vyovyote ana haraka, na ana jambo kubwa la kufanya katika chumba kile. Na wanawake wale wanamshikisha nguo. Tazama hii, baba. Hii alinishonea mimi. Natamani Luka angetuambia Petro alisema nini. Aligeuza upindo kuangalia mshono? Hatuambiwi. Tunachoambiwa ni kwamba alionyeshwa kazi kwanza, ndipo akawatoa wote nje, akapiga magoti.

Nguo zile ndizo zilizosema Dorkasi alikuwa nani.

Sasa, ndugu msomaji mzazi, vijana wetu wengi nao wana chumba cha juu. Kiko kwenye mtandao, na ngazi zake hatujawahi kuzipanda. Tunaona mwanga wa simu chini ya mlango usiku, tunakohoa ili wajue tuko macho, basi. Ngoja nikueleze kidogo kilichomo, kwa sababu mwenyewe ilinibidi nijifunze, tena nikifundishwa na vijana wa kwaya waliokuwa wakinicheka.

Yapo makusanyiko ya mtandaoni ya watu wanaochora na wanaoandika kwa sababu wanapenda kitu fulani: kitabu, filamu, mchezo wa kompyuta, katuni. Si mambo ya jana. Ukumbi mmoja wa wachoraji uitwao DeviantArt ulifunguliwa Marekani Agosti 2000, yaani kabla binti wa mama yule hajazaliwa. Mwingine, Archive of Our Own, ulifunguliwa 2009 kwa ajili ya hadithi ambazo mashabiki huziandika juu ya wahusika wanaowapenda. Unaendeshwa na watu wa kujitolea, hauna matangazo ya biashara, na mwaka 2019 ulipewa tuzo ya Hugo, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za hadithi za kubuni za sayansi na njozi. Si kila kilichomo humo kinamfaa Mkristo kukisoma, na mtoto ndiyo kabisa. Nitafika huko.

Maisha ya kila siku ya kumbi hizi yanafanana na ya kijiji kuliko unavyodhani. Mtu anabuni mhusika wake mwenyewe, anampa jina, mavazi, kovu shavuni. Wenzake wanamjua mhusika huyo kama unavyomjua mtoto wa jirani. Siku ya kuzaliwa kwa mwenzao, wanamchorea mhusika wake kama zawadi. Wapo wanaochora kwa malipo, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo ada ya shule. Wapo wanaobadilishana: nichoree wangu, nami nikuchoree wako. Mwezi Oktoba wengi hufanya zoezi ambalo mchoraji wa Marekani, Jake Parker, alilianzisha 2009: mchoro mmoja wa wino kila siku, siku 31. Anayeshindwa siku ya tisa hutiwa moyo na watu ambao hatawaona maisha yake yote.

Kuna desturi moja iliyonigusa zaidi. Tangu 2003, kila Desemba, waandishi mashabiki hufanya mabadilishano yaitwayo Yuletide. Kila mmoja hupangiwa mtu asiyemjua, akaambiwa huyu anapenda kitabu fulani au filamu fulani ambayo ni wachache wanaoikumbuka. Anamwandikia hadithi isiyopungua maneno 1,000. Hadithi zote hufunguliwa siku ya Krismasi, lakini majina ya walioziandika hubaki yamefichwa hadi tarehe 1 Januari. Kwa wiki nzima mtu anasoma zawadi yake, anamshukuru aliyeiandika, na hamjui ni nani. Nikakumbuka Mathayo sura ya 6, pale Bwana anapofundisha kutoa bila kupiga tarumbeta, hata mkono mmoja usijue mwingine umefanya nini. Nikawaza pia hafla zetu za harambee, kipaza sauti na orodha ya majina. Sitasema zaidi, kuna wazee wa kanisa wanaosoma safu hii.

Nitasema hili la kundi letu la WhatsApp, kwa sababu na mimi nimo. Mtu anaandika kwamba mama yake amelazwa, ana shida ya damu. Ndani ya dakika kumi kuna "Amina" arobaini na mikono ya kuomba ya rangi zote. Damu imetolewa na watu wawili. Kwenye kumbi za vijana hawa nimeona mtu akisoma hadithi ya mwenzake sura kumi na moja, kisha akaandika kwa urefu kwa nini sura ya saba imemtoa machozi. Amesoma kweli. Mara ya mwisho mtu kukuambia ni sehemu ipi ya mahubiri ilimgusa, na kwa nini, ilikuwa lini? Mimi nakumbuka. Ilikuwa 2017.

Wapo wanaosema, lakini Mchungaji, wanakopi tu. Wanachora katuni za watu. Ni kweli wanaanza kwa kunakili, lakini nani hakuanza hivyo? Edward Saidi Tingatinga alipofariki 1972, wanafunzi wake walikuwa wamejifunza kwa kuketi karibu naye na kuchora kama yeye, na leo ukienda Oysterbay, Dar es Salaam, utawakuta wachoraji wameketi pamoja, chui wa huyu anafanana na chui wa yule, mpaka siku moja mmoja wao anamchora chui ambaye ni wake peke yake. Kwaya yetu nayo ilianza kwa nyimbo za kwaya nyingine. Na Maandiko hayaudharau mkono wa fundi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinatuambia kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili abuni kazi za ustadi, za dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Si ili ahubiri. Ili achore, achonge, atie nakshi. Ningependa kujua mama yake Bezaleli alisema nini kijana alipokuwa na miaka kumi na sita, anaharibu vipande vya mbao nyumbani.

Sasa nikusimulie kisa kilichonifanya nimuulize mama yule kama ameyaona mapicha.

Huko Norway aliishi kijana aitwaye Mats Steen, aliyezaliwa 1989. Alikuwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli kidogo kidogo. Alianza kukaa kwenye kiti cha magurudumu akiwa mtoto, na kadiri miaka ilivyokwenda mwili ulimwachia vidole tu. Alitumia maelfu ya saa kwenye mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft. Wazazi wake walimpenda na kumtunza, lakini waliumia. Waliona kijana anayekesha mbele ya kioo, asiye na marafiki, asiyempenda mtu wala kupendwa nje ya familia, maisha yanampita. Mats alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25.

Baba yake, Robert, aliandika taarifa ya msiba kwenye ukurasa wa mtandaoni ambao mwanawe alikuwa akiuandikia, akaweka anwani yake ya baruapepe endapo mtu angependa kuwasiliana. Hakutegemea mengi. Barua zikaanza kuingia. Moja, nyingine, nyingine tena, kutoka nchi mbalimbali, ndefu, za watu wanaolia. Ndani ya mchezo Mats aliitwa Ibelin, na alikuwa mmoja wa kikundi cha watu kama thelathini. Mama mmoja wa Denmark aliandika jinsi Ibelin alivyomshauri juu ya mwanawe mwenye usonji, hata mama na mwana wakakaribiana. Siku ya mazishi walikuwepo watu waliosafiri kutoka Uholanzi, Uingereza, Denmark na Finland. Familia ilikuwa haijawahi kuwaona.

Miongoni mwao alikuwa mwanamke wa Uholanzi aliyefahamiana na Mats wakiwa wote bado vijana wadogo. Binti huyu alikuwa mchoraji. Aliwahi kuchora wahusika wao wawili wamekumbatiana, akampa Mats mchoro huo kuwa zawadi. Na wakati fulani wazazi wake walimnyang'anya kompyuta kwa sababu masomo yalikuwa yanashuka. Unaona kwa nini kisa hiki kilinijia nikiwa nimesimama na mama yule nje ya kanisa. Binti alizama katika huzuni. Mats, kijana asiyeweza kuinua mkono wake, akawaandikia barua wazazi wale asiowajua, kuwaeleza kwa heshima kwamba binti yao ana rafiki upande huu.

Mats hakuwa malaika. Aliwahi kuwaumiza rafiki zake kwa maneno, na ugonjwa wake aliwaficha kwa muda mrefu kwa sababu alitaka angalau mahali pamoja duniani asihurumiwe. Habari zake zimetengenezewa filamu, The Remarkable Life of Ibelin, iliyotoka 2024. Ninayemfikiria zaidi ni baba yake, ameketi usiku mbele ya kompyuta, wajane wa Yafa wanamwonyesha nguo moja baada ya nyingine. Hii alinishonea mimi. Na mshonaji alikuwa chumba cha pili miaka yote ile.

Tabitha alirudishwa. Mats hakurudi. Ndiyo maana sitaki wewe usubiri msiba.

Sasa yale niliyosema nitafika. Usinielewe vibaya ukampa mtoto simu na bando la mwezi mzima ukaenda kulala. Kumbi hizi zina watu wazima wanaojifanya watoto. Kuna mtu huanza kwa kusifia mchoro, siku ya tatu anauliza umri, siku ya kumi anaomba picha ya mwenye mchoro, kisha picha ya namna nyingine, kisha anasema usimwambie mama. Hapo hakuna cha sanaa. Mtoto asifokewe, maana hofu ya kufokewa ndiyo kamba ambayo mtu yule anamfungia. Hifadhini mazungumzo, msiyafute, nendeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya simu kwa mtoto ipo, ni bure. Na zipo hadithi na michoro michafu, nyingine zimewekewa onyo na nyingine hazikuwekewa. Mzazi anayejua ngazi za chumba hicho atajua pia ni milango ipi ifungwe.

Kuna na jeraha jingine ambalo sisi wazazi hatulioni kwa sababu halitoki damu. Ni kuhesabu. Mtoto anaweka mchoro alioufanyia kazi siku nne, unapata mioyo sita. Mwenzake anaweka wa nusu saa, unapata elfu mbili. Kuna wizi pia: mtu anachukua mchoro wako, anafuta jina, anaweka lake. Tena siku hizi kuna mashine zinazotengeneza picha baada ya kulishwa kazi za wachoraji bila kuwauliza. Desemba 2022 wachoraji wengi waliweka mabango ya kupinga jambo hilo kwenye ukumbi wao uitwao ArtStation. Amri ya usiibe haikuandikwa kwa ajili ya kuku na mahindi peke yake. Binti anayelia chumbani anaweza kuwa analia mojawapo ya hayo, na wewe unakemea roho ya Japani.

Nirudi kwa mama yule. Nilichomtuma ni hiki: asirudishe simu, asitoe hotuba, asiombe kwa sauti juu ya kitanda cha mtoto. Akae naye, amwombe amwonyeshe. Akionyeshwa, asiseme lolote mpaka aone kumi.

Jumapili iliyofuata alinisubiri tena. Safari hii mkoba ulikuwa begani. Akanieleza kwamba binti alikataa siku ya kwanza, akidhani ni mtego. Siku ya pili akakubali. Mama akafungua kabati, wakakaa kitandani, simu katikati yao.

Kwanza akapata jibu la machozi. Binti alikuwa na deni. Alikuwa ameingia kwenye mabadilishano ya michoro na mtu mwenzake wa mbali alikuwa ameshamchorea mhusika wake, vizuri kabisa, na yeye alitakiwa amalize wa mwenzake Jumatano ile. Simu ilifungiwa Jumatatu. "Ataniona mimi ni tapeli," alimwambia mama yake. "Ataniona Watanzania tuko hivyo." Mama huyu anafanya biashara Kariakoo. Anajua uzito wa mtu aliyepokea mzigo akanyamaza. Akaniambia, "Baba, pale nilimwelewa."

Kisha wakaendelea kutazama. Mchoro wa nne au wa tano, mama akamshika mkono binti, akamwambia arudi nyuma. Mwanamke mwenye panga, mwenye masikio ya mbweha, alikuwa amejifunga kitenge. Mama anauza vitenge. "Hiki ni changu," akasema. "Hiki nimekiuza Jumanne." Wakarudi mwanzo wakaangalia wote upya. Wapanda farasi, wafalme, wachawi, wote walikuwa wamevaa mali ya dukani kwa mama, ua kwa ua, na chini ya michoro watu wa nchi nyingine walikuwa wanauliza nguo hizo nzuri zinatoka wapi.

Deni lililipwa usiku ule, mama akiwa ameketi pale pale. Wamekubaliana simu itatoka kabatini jioni baada ya masomo, ilale chumba cha mama saa nne, na ujumbe wowote kutoka kwa mtu mgeni usomwe na wote wawili. Hesabu bado ni tatizo. Tumemtafutia mwalimu kutoka umoja wa vijana.

Mama alikuwa na lalamiko moja tu. Alitoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba, maana binti amemtumia nakala, akaipanua picha kwa vidole viwili mbele ya uso wangu. Kilikuwa kile kitenge chenye ndege. "Angalia hapa, Baba Mchungaji. Amemfunga kichwa chini. Ndege wote wanatazama miguuni." Akatikisa kichwa. "Nimemwambia akirekebishe."